Umri wa Ubongo wa Mzee Wilbroad

Miongoni mwa Watanzania wa Dallas na Fort Worth, kijana akitaka kuoa, pete na ukumbi vitasubiri. Kwanza anamtafuta mshenga. Na kwa miaka kumi na tisa mshenga huyo alikuwa Wilbroad Rwegasira wa Irving, mtu wa Muleba, aliyekuja Texas kusoma na akabaki kupanga mizigo ya ndege katika ofisi moja ya uwanja wa ndege. Alikuwa amepeleka posa kumi na moja, Plano, Arlington, Houston, moja hadi Oklahoma, na hakuna iliyokataliwa. Moja tu ilivunjika baadaye, na hiyo haikuvunjwa na ulimi wake.

Watu walimsimulia kwa jambo moja: hakushika karatasi. Aliingia katika nyumba ya watu mikono mitupu, akasimama, akautaja ukoo wa kijana hadi kwa babu wa babu, akawataja wenyeji wake mmoja mmoja na heshima zao, akayapamba maneno mpaka wanawake walioko jikoni wakaacha kukoroga. Washenga wa siku hizi husoma kwenye simu. Wilbroad alisema kwamba mtu anayesoma posa kwenye simu hana tofauti na mtu anayehitaji kuandikiwa jina la mama yake.

Mwezi Machi, baada ya misa ya Kiswahili huko Grand Prairie, alisimama na Deo kwenye maegesho ya magari. Deo ni kijana wa Karagwe, fundi wa viyoyozi. Walizungumza mambo ya mvua na bei ya bima, kisha Wilbroad akamuuliza, "Na baba anaendeleaje huko nyumbani?"

Deo alimtazama kidogo. "Anaendelea vizuri, mzee. Anakusalimu."

Wilbroad alifika kwenye taa za pili za barabarani ndipo akakumbuka. Baba yake Deo alifariki Desemba. Matanga yalikuwa nyumbani kwa Deo, na aliyesimama mbele ya watu kueleza maisha ya marehemu, bila karatasi, alikuwa yeye mwenyewe. Deo alikuwa ameona ni afadhali amfufue baba yake kuliko kumwaibisha mtu mzima hadharani. Taa iligeuka kijani, magari ya nyuma yakapiga honi, na Wilbroad akahisi joto likimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Alijiambia kwamba atampigia Deo simu kumwomba radhi. Hakupiga.

Jioni hiyo alikaa kwenye kochi akatafuta kwenye simu namna ya kuimarisha kumbukumbu. Michezo ilikuwa tele. Alianza na programu moja ya bure. Kadi zilizofunikwa, ukitafuta zinazofanana. Tarakimu zinazopita mbio, ukizirudia kinyumenyume. Nyuso za watu na majina yao, zikichanganywa, ukimpa kila mtu jina lake. Lakini kila baada ya mchezo lilikuja tangazo: wakili wa ajali za magari, amevaa kofia pana, amesimama juu ya lori, anapayuka namba yake ya simu. Akitoka wakili, inaingia bima ya mazishi. Na ukimaliza michezo mitatu, mlango unafungwa mpaka kesho, unaambiwa ulipie.

Wilbroad aliifikiria programu ile kama mgonjwa anavyoifikiria dawa. Utotoni, katika zahanati yao, vidonge vya bure vilikuwa vya rangi moja kwa kila ugonjwa. Aliyetaka kupona alikwenda kununua dukani. Basi akalipia mwaka mzima. Wakili akatoweka. Milango yote ikafunguka, ukaja na mchoro wa alama zake ukipanda kila wiki kama ngazi, na juu ya mchoro, kwa maandishi makubwa, kitu ambacho wa bure hawakupewa: umri wa ubongo wake. Siku ya kwanza ulikuwa miaka sitini na saba, naye alikuwa na sitini na nne. Kufikia Mei ulikuwa arobaini na moja.

Mkewe Apolonia ni nesi katika nyumba ya kutunzia wazee. Hakuhitaji mchoro. Alikuwa ameona mumewe akituma salamu za sikukuu ya kuzaliwa kwa binamu yao kwenye kundi la ukoo, kwa sauti, na utani juu yake; na alasiri ya siku hiyo hiyo akatuma tena salamu zile zile na utani ule ule. Ndugu thelathini na wawili, kutoka Bukoba hadi Toronto, walicheka mara ya pili kama vile hawajawahi kuusikia. Katika ukoo ule ungeweza kupotea kabisa huku kila mtu akikujibu kwa adabu.

"Baba Majaliwa," alimwambia, "twende kwa daktari. Ni maswali tu watakuuliza, na damu kidogo."

Wilbroad akamwonyesha simu. Arobaini na moja.

Apolonia aliichukua programu hiyo hiyo, ile ya bure, akawa anaicheza akisubiri nguo zikauke. Wilbroad alimcheka. Alimwita mwanafunzi wa kukaa madirishani, anayesikiliza somo bila kulipa ada. Siku moja mkewe aliweka simu mbili mezani, yake na ya mumewe, akazilinganisha. Kadi zilikuwa zile zile, na nyuso zile zile.

"Mchezo ni mmoja," alisema. "Wewe umelipa ili usimwone wakili."

"Nimelipa ili nijue nilipo. Wewe unajua ubongo wako una miaka mingapi?"

"Hamsini na tisa. Nilizaliwa nao."

Alicheka mwenyewe, kisha akaacha kucheka, akarudia habari ya daktari. Wilbroad alikwenda kumwagilia nyanya zilizokuwa zimeshamwagiliwa.

Juni ikaleta posa ya Elia. Elia ni mtoto wa kaka yake Wilbroad, marehemu. Alikuja Irving akiwa na miaka kumi na minne na begi moja, na Wilbroad akamlea pamoja na wanawe. Ile posa moja iliyovunjika ilikuwa ya Elia. Miaka mitatu nyuma, Wilbroad alikwenda Plano kumwombea binti wa Kikenya aitwaye Fiona, akapewa, na baada ya miezi minane Fiona akaona bora maisha mengine. Sasa Elia alikuwa amempata Kezia, nesi wa Houston, binti wa Mzee Wanjohi. Kezia aliijua habari ya Fiona. Elia alimweleza mwenyewe mwanzoni kabisa, na ilimchukua Kezia karibu mwaka kuamini kwamba yale yamekwisha kweli, kwamba yeye si kiti cha akiba. Elia alimweleza baba yake mdogo haya yote, na kumwomba jambo moja tu: jina la Fiona lisiingie katika nyumba ile.

Usiku wa kuamkia safari Apolonia aliandika majina kwenye kikadi kidogo, akamwambia akitie mfuko wa shati, hakuna atakayekiona. Wilbroad alikirudisha mezani. Alisema miaka arobaini na moja haihitaji kikadi.

Walitoka Irving asubuhi, magari mawili, wakashuka na barabara ya 45. Wilbroad aliendesha, Elia akiwa kando yake, Apolonia nyuma na keki. Wazee wengine watatu walifuata. Saa saba walikuwa mlangoni kwa Wanjohi, katika kitongoji cha Katy pembeni mwa Houston, jua likiwaka hadi lami inanukia. Waliachwa nje kidogo, kama ilivyo desturi, wakaulizwa wao ni nani na wamepotea wapi, kisha wakaingizwa ndani kwenye baridi ya kiyoyozi, na harufu ya nyama na mukimo, viazi vya kuponda vya Kikuyu.

Wenyeji walikuwa Wakikuyu, lakini msemaji wao alikuwa Mmaasai. Walipojua kwamba wanaokuja ni Watanzania walimchagua Lemayian, mzee wa kanisa lao aliyekulia Namanga, mpakani kabisa, kwa kuwa Kiswahili chake kingeweza kusimama mbele ya Wilbroad bila kutetemeka. Na kwa dakika ishirini wazee wale wawili waliistarehesha nyumba. Wilbroad alitaja ukoo wa Elia bila kuacha hata mmoja. Aliwataja wenyeji. Alisema wamepita Texas nzima wakifuata harufu ya ua moja, na harufu imewafikisha kwenye bustani hii.

"Mzee wetu," alisema Lemayian, "bustani hii ni kubwa na maua ni mengi. Hatutaki mtu aondoke na ua la jirani. Hebu taja jina."

"Fiona," alisema Wilbroad.

Alilisema vizuri, kwa sauti ya kushuka, kama alivyolisema Plano. Jikoni kijiko kilianguka. Elia aliyekuwa ameinamisha kichwa akakiinua.

Lemayian alikuwa mtu mwema. "Huyo hatuna," alisema akitabasamu. "Fiona hatuna kabisa. Naona mlikosea geti. Lakini si mbaya, mzee ametoka mbali na jua ni kali. Faini ni mbuzi mmoja, halafu utaje tena."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa msaada. Ilimtosha Wilbroad kucheka nao, kulaumu umri, kukubali mbuzi na kusema Kezia. Jina lilikuwa limeshamrudia, lipo mbele yake wazi. Lakini kabla hajafungua kinywa, shangazi wa binti, aliyekaa karibu na mlango, alisema kwa sauti ya kawaida tu, "Fiona si ni yule msichana wa Plano?"

Kicheko kikakatika. Wilbroad aliona nyuso zote zimemgeukia, na kila uso aliusoma kama uso wa Deo siku ile kwenye maegesho. Sasa wanajua, aliwaza. Kilichofuata kilichukua muda wa kumeza mate. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akaiwasha, akaitazama kama mtu anayesoma. Kwenye kioo hapakuwa na kitu ila saa.

"Mimi ni mjumbe tu," alisema. "Nimetaja jina aliloniandikia kijana mwenyewe."

Katika posa mwoaji hafungui kinywa. Na mtoto hamwiti baba yake mwongo mbele ya wakwe. Yote mawili Elia alifundishwa na Wilbroad. Alikaa kimya kama alivyolelewa, mikono juu ya magoti, akiangalia zulia. Upande wa ndani, katika korido ambako Kezia alikuwa amekaa na wenzake akisubiri kuitwa, mlango ulifungwa taratibu.

Hawakufukuzwa. Mzee Wanjohi alisema chakula kisipoe. Walipewa sahani zilizojaa, waliongezewa soda, na hakuna aliyeitaja posa tena. Saa kumi waliambiwa watapigiwa simu.

Njiani, walipopita Conroe, Elia aliuliza mara moja tu. "Baba mdogo, mimi nilikuandikia lini?"

"Tuyaache kwanza," alisema Wilbroad.

Elia aliyaacha. Alimpigia Kezia mara nne, simu ikaita hadi ikachoka. Kwenye kioo cha nyuma Wilbroad aliyaona macho ya mkewe yakimtazama yeye, si barabara, na akakigeuza kioo kidogo.

Madisonville walisimama kujaza mafuta. Gari la wenzao lilikuwa limeshatangulia. Apolonia na Elia waliingia dukani. Wilbroad alibaki kwenye pampu, na simu ikalia mlio wake wa kila jioni: bado hujafanya mazoezi ya leo. Kidole kilifungua chenyewe. Ulikuja mchezo wa nyuso. Watu kumi na wawili, wanaume kwa wanawake, wa kila rangi, kila mmoja na jina lake, kisha majina yakafutwa na nyuso zikachanganywa. Wilbroad aliwapata wote. Hakukosea hata mmoja. Vikaratasi vya rangi vikamwagika kwenye kioo, simu ikampongeza: amewashinda watu tisini na wawili kati ya kila mia wa rika lake. Umri wa ubongo, miaka thelathini na tisa.

Alisimama na simu ile mkononi, pampu ikisukuma mafuta. Watu wale kumi na wawili hawakuwapo popote duniani. Alikuwa amejifunza majina yao kwa miezi mitatu, asubuhi na jioni, na zile nyuso zilikuwa zimejirudia mara nyingi kiasi kwamba angeweza kuwasalimu njiani. Mchezo haukuwa umemdanganya. Ulimwambia ukweli kuhusu mchezo. Yeye ndiye aliyeubeba hadi Katy na kwenda kuuegemea. Wala si kusahau kulikokuwa kunamchoma sasa. Kila mtu husahau. Alikuwa amempa mtoto wa kaka yake aibu yake aibebe, kwa sababu alijua mtoto huyo hataikataa.

Elia alitoka dukani na chupa ya maji. Alifungua kizibo, akamfikia, akampa kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiushika kiwiko.

Wilbroad aliipokea, akashindwa kunywa.

"Tunarudi," alisema.

"Wapi?" Apolonia aliuliza.

"Kwa Wanjohi. Kijana hakuniandikia kitu."

"Najua," alisema Elia. "Si mimi ndiye ningeandika?" Sauti yake ilikuwa ya chini. Aliingia garini, akafunga mkanda, akageuza uso dirishani.

Jua lilikuwa bado halijatua walipobisha hodi. Mzee Wanjohi alifungua mwenyewe, amevaa bukta na kandambili, taulo la jikoni begani. Nyuma yake sebule ilikuwa imerudi kuwa sebule. Viti vya kukodi vimekunjwa, shangazi anafunga mabaki ya nyama kwenye karatasi za foili, Lemayian anakula tena. Wanjohi hakuwazuia wala hakuwakaribisha. Alisogea kando.

Wilbroad hakukaa. Hakupamba.

"Mzee mwenzangu, nilisema uongo katika nyumba yako. Kijana hakuniandikia jina. Nilisahau jina la binti yako, nikataja la zamani, na watu waliponitazama nikaogopa, nikamsukumia yeye. Ninasahau mambo. Si leo tu."

Wanjohi alilitoa taulo begani, akalikunja, akalikunjua. "Na huyu kijana ulimwacha anyamaze hivyo?"

"Nilimwacha."

"Msichana amelia tangu saa nane."

Wilbroad aliinamisha kichwa. Mlango wa korido ulifunguka, Kezia akatoka amevaa fulana na leso kiunoni, macho yamevimba. Alipita mbele ya Elia bila kumtazama, akaja kusimama karibu na Wilbroad, akamwangalia kwa namna ambayo Wilbroad aliitambua, maana aliiona kwa mkewe kila siku. Ni namna manesi wanavyomwangalia mtu kabla ya kumgusa.

"Ulianza kusahau lini?"

"Machi. Pengine kabla."

"Ume-drive ukapotea?"

"Mara mbili."

Apolonia, aliyekuwa anajua ya mara moja tu, alishika mgongo wa kiti.

"Daktari anasemaje?"

"Sijakwenda."

"Kwa nini?"

Aliona kwamba hapo pia angeweza kusema kitu kingine: kazi nyingi, bima, foleni ya miadi. "Nilikuwa na mchezo kwenye simu," alisema. "Wa kufanyisha ubongo mazoezi. Nilinunua ule wa kulipia. Ulisema nina miaka arobaini na moja."

Shangazi aliguna, na guno hilo likageuka kicheko kabla hajaziba mdomo. Lemayian aliangalia sahani yake. Wilbroad alisimama palepale, akaacha achekwe.

Kezia hakucheka. "Wa bure ama wa kulipia, ni sawa tu," alisema. "Hiyo michezo inakufanya uwe mzuri kwa hiyo michezo. Wagonjwa wangu wanakuja na hizo score mkononi. Mama, utampeleka wiki hii?"

"Jumatatu," alisema Apolonia.

Kisha Kezia alimgeukia Elia. Walitoka nje pamoja, wakasimama kando ya gari, na kupitia dirishani watu wa sebuleni waliona Elia akizungumza kwa mikono yote miwili, maneno yote aliyoyameza tangu mchana. Wakajifanya hawaoni. Baadaye waliona Kezia ameegemea gari karibu naye.

Wanjohi alikaa. Alisema posa wataisikiliza upya, mwezi wa Agosti, na kijana hana neno. Lakini mshenga atakuwa mwingine. Alisema hivyo bila ukali, na ndiyo maana ilipenya. Lemayian aliongeza kwamba mbuzi sasa ni wawili, na kwamba kwa maoni yake Mzee Wilbroad aje naye, akae mstari wa mbele, na asiseme kitu. Shangazi alisema kwamba yeye kijana amemsamehe. Mzee bado anamfikiria. Wilbroad alisema ana haki.

Walipoinuka kuaga, Kezia alikuwa amerudi mlangoni. Wilbroad alitaka kumshukuru. Jina alikuwa nalo, alikuwa na hakika nalo, lakini mchana alikuwa na hakika vilevile na lile jingine. Watu wote walikuwa wanasubiri. Alimgeukia mkewe.

"Ni Kezia?" aliuliza, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni.

"Ni Kezia," alisema Apolonia.

Ndipo akasema asante.